Haki ya njia: Aliyepanda ndiye atangulize salamu

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo tunapenda tukumbushane jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni katika dini: namna tunavyotumia barabara.

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbaha hadi Mbamba Bay, baiskeli hubeba usipa kutoka ufukweni, mihogo kutoka shambani, na mara nyingine mtoto au mgonjwa. Njia hizo hizo hupitiwa na malori na mabasi. Na pale lami ilipofika, kama kwenye kilomita 66 za kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, mwendo nao umeongezeka. Hapo ndipo lawama huzuka. Dereva husema mwendesha baiskeli hana taa wala breki, tena huingia katikati ya njia bila kutazama nyuma. Mwendesha baiskeli naye hulalamika kuwa hupigiwa honi mpaka akaishia mtaroni pamoja na tenga lake la samaki.

Wote wawili wana la kujibu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Said al-Khudri (RA), Mtume (SAW) alifundisha kuwa njia ina haki zake, na mojawapo ni kuzuia maudhi. Basi baiskeli isiyo na taa usiku ni maudhi, na mzazi anayemtuma mtoto magharibi kwa baiskeli ya namna hiyo ana sehemu yake ya lawama.

Hata hivyo, mizani haiko sawa. Abu Huraira (RA) amepokea kuwa aliyepanda ndiye anayepaswa kumsalimia aendaye kwa miguu. Tuzingatie hekima yake: mwenye nafasi ya juu ndiye aanze unyenyekevu. Mpandaji wa leo, badala ya salamu, hutanguliza honi! Gari likiongezwa mwendo mara mbili, nguvu yake ya kugonga huongezeka mara nne. Mwenye baiskeli hana bati wala mkanda wa kumkinga.

Tusidhani kuwa neno "ajali" linafuta kila kitu. Surat an-Nisaa, aya ya 92, imeweka juu ya aliyemuua muumini kwa kukosea kafara ya kumwacha huru mtumwa, pamoja na diya kwa jamaa wa marehemu ila wakisamehe. Na asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Bima huweza kulipa fidia, lakini haimfungii mtu saumu. Wala asiseme dereva kuwa yule wa baiskeli si wa dini yetu, kwani aya hiyo hiyo imetaja diya na kafara kwa watu tulio na ahadi nao, na majirani zetu wa Nyasa tunaishi nao kwa amani.

Nasi abiria tusinyamaze wala tusimhimize dereva akimbize gari. Apunguze mwendo, ampishe mwenziwe kwa nafasi ya kutosha, na asipoona mbele asubiri. Dakika mbili za kusubiri hazimpunguzii mtu riziki.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie tuwe miongoni mwa waja wake waendao ardhini kwa unyenyekevu, na atufikishe sote majumbani kwetu salama. Amin.