Kiwewe cha vita: Mzigo juu ya mzigo

Mfanyabiashara anayevuka mpaka kwenda Nimule, Sudan Kusini, akiruka kila tairi linapopasuka, wenzake humwita mwoga. Wataalamu wanasema huenda si woga. Ni ugonjwa wa kiwewe: ndoto za kutisha, kukosa usingizi, na mambo ya zamani kumrudia kana kwamba yanatokea leo.

Mikasa haina uzito sawa. Uchunguzi wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa ubakaji huacha ugonjwa huo mara nyingi zaidi kuliko ajali ya barabarani.

Idadi ya mikasa nayo ina neno. Huko West Nile, Uganda, watafiti waliwahoji zaidi ya watu 3,000, wenyeji na wakimbizi wa Sudan. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 ni haya: waliopatwa na mikasa mitatu au pungufu, asilimia 23 waliugua, waliopatwa na 28 au zaidi, wote waliugua.

Kwa hiyo aliyerejea kwao baada ya amani ya 2005, kisha akakimbia tena vita vya Desemba 2013, si dhaifu kuliko jirani yake. Amebebeshwa mengi.

Hata hivyo, dawa ipo. Katika kambi ya Imvepi, wakimbizi walisaidiwa kusimulia maisha yao hatua kwa hatua katika vikao vinne. Baada ya mwaka, asilimia 29 tu walibaki wagonjwa; waliopewa ushauri wa kawaida, asilimia 79.

Anayeteseka asinyamaze. Amwone mhudumu wa afya.