Bomba Lisigande, Mkaa Usiingie Ndani

Hapa Mwanga, koki ikifunguliwa isitoe maji, mtu haulizi sana. Huchukua ndoo akaenda kutafuta. Jamaa zetu waliopita katika kambi ya Nyarugusu, kisha wakahamishiwa Marekani, asubuhi ya baridi kali wakikuta koki imekauka, jambo huwa jingine. Maji yamo ndani ya bomba, yamegeuka barafu. Tunaandika haya ili mzazi aliye Kigoma au Ujiji ajue la kumwambia mwanawe kwa simu.

Mwezi wa Februari 2021 baridi hiyo ilishuka hata Texas, nchi ya joto, ambako mabomba mengi hupita darini na katika kuta za nje bila kinga ya kutosha. Umeme ulikatika katika mamilioni ya nyumba, vyombo vya kupasha joto vikazimika, na mabomba yakapasuka.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Barafu ikiziba bomba, maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa hubanwa mno, na mara nyingi hapo ndipo bomba hupasuka, hata kama sehemu hiyo haikuganda. Mwenye nyumba hana habari mpaka barafu iyeyuke, ndipo dari humwaga maji.

Kwa sababu hiyo, usiku wa baridi kali koki huachwa ikidondosha maji kidogo kidogo, hasa ile ya bomba lililo kwenye ukuta wa nje. Twajua jambo hili litawatia uzito wengi wetu, tuliofunzwa kutofanya israfu hata tunapotawadha kando ya ziwa. Lakini maji hayo yanatoka kwa haja, na tena yakingwe kwa ndoo: yatafaa kwa udhu wa alfajiri na kwa vyombo. Milango ya kabati la chini ya sinki nayo iachwe wazi, joto la chumba lifikie bomba.

Nyumba ikibaki bila joto kwa siku kadhaa, kudondosha hakutoshi. Zima tangi la kupashia maji, funga koki kuu, kisha fungua koki zote, za juu na za chini, maji yaishe, na uvute maji ya choo. Bomba tupu halina cha kuganda.

Bomba likiwa limeshaganda lakini halijapasuka, fungua koki yake, kisha ulipashe joto kwa kikaushia nywele au kwa vitambaa vya maji moto, ukianzia upande wa koki. Usitumie moto wa wazi.

Linalotutia hofu zaidi ni jiko la mkaa. Kwetu huwashwa barazani au jikoni penye upenyo, moshi ukapata pa kutokea. Nyumba za huko hufungwa kila tundu. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu usingizini. Katika baridi ile ya Texas walikuwapo waliokufa kwa gesi hiyo wakitafuta joto, wengine kwa kuwasha gari ndani ya banda lake. Joto likikosekana, afadhali familia ihamie kwa jirani, na bomba lipasuke.

Basi ukimpigia mwanao usiku huu, baada ya salamu muulize: koki kuu ya nyumba yenu iko wapi?