Excel mbili kwa mashini moja: siku zetu za kazi zisipotee

Wenzetu wachimbaji, na nyie mama munaochunga buku za makuta nyumbani, tuongee kidogo juu ya kompyuta ya ofisi.

Hapa Butembo na Beni, kuna mashini ziko bado na Excel 2003, zingine ziko na mpya. Excel 2003 inaishia kwa kolone 256. Tukiandika jina kwa kolone ya kwanza, kisha kila siku kwa kolone yake, kwa mwaka wa siku 365 nafasi inaisha tarehe 12 Septemba. Tangu Excel 2007, kolone ni 16.384. Basi listi ya mwaka mzima ikichungwa kwa namna ya zamani, .xls, siku zote kuanzia 13 Septemba zinakatwa. Mutu alishuka shimoni, lakini karatasi inasema hakushuka. Nani atamulipa?

Programu zote mbili zinaweza kukaa kwa mashini moja. Muweke ya zamani kwanza, mpya nyuma, kila moja kwa dosie yake. Mpya ikiuliza kama ifute ya zamani, mukatae. Mukitaka kufungua na ya zamani, mufungue programu kwanza, kisha fishie.

Lakini Excel 2003 haipate tena matengenezo ya usalama tangu 8 Aprili 2014. Ibaki ya kusoma buku za zamani tu. Listi mpya tuchunge kwa .xlsx.

Na mbele ya kutia sahihi, tuangalie kwanza kama Desemba iko mule.