Jeep: Motokari ya Vita Iliyoingia Shambani

Hapa kwetu kila motokari kubwa ya kupita njia mbaya tunaiita "jeep", hata kama ni Toyota ao Land Rover. Umekwisha kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Lilitoka katika vita. Sikiliza.

Mwaka 1940 vita vilikuwa vinawaka Ulaya. Jeshi la Marekani lilitaka motokari ndogo, nyepesi, ambayo magurudumu yote manne yanavuta, ipite katika potopoto na mawe. Liliandikia kompani 135. Mbili tu zilijibu: Bantam na Willys-Overland. Bantam ilikuwa kompani ndogo ya mji wa Butler, karibu kufunga milango. Jeshi lilitoa siku 49 tu za kuleta motokari ya kwanza. Injinia Karl Probst alichora mpango kwa siku mbili hivi. Tarehe 23 Septemba 1940, siku ya mwisho kabisa, wakaifikisha kambini Holabird, wakiiendesha wenyewe barabarani.

Lakini ona ginsi mambo yalivyogeuka. Jeshi lilionyesha michoro ya Bantam kwa Willys na Ford. Willys ilikuwa na motere ya nguvu zaidi, ya farasi 60, ikapewa kazi kubwa, Ford ikafuata. Hizo mbili zilitengeneza zaidi ya jeep 600,000 mpaka vita kwisha. Bantam, iliyoanza, ilitengeneza kama 2,700 tu, kisha ikabakia na kazi ya vigari vya kukokotwa nyuma.

Vita ikiisha, motokari ya waaskari itafanya nini? Mwaka 1945 Willys ilianza kuuzia wakulima jeep iliyoitwa CJ-2A. Haikugeuka sana. Waliweka mlango wa nyuma kwa kupakia mizigo, gurudumu la akiba likahamia ubavuni, taa zikawa kubwa zaidi. Mkulima aliweza kufunga kifaa cha kuchukua nguvu ya motere, azungushe msumeno ao mashini ya shamba. Chuma ni kile kile, kazi ndiyo ilikuwa mpya.

Katika Uingereza, Maurice Wilks, injinia wa kompani ya Rover, alitumia jeep ya zamani ya jeshi katika shamba lake, kisiwani Anglesey. Kutoka pale Land Rover ikazaliwa, ikaonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Mwili wake ulikuwa wa aliminyo, juu chuma kilikuwa haba kisha vita. Ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima, lakini haikukawia, jeshi nalo likainunua. Unaona? Njia hii inaenda pande zote mbili.

Toyota vilevile. Mwaka 1951 jeep yake ilipanda mlima Fuji, kule Japani, mpaka kituo cha sita, na polisi wakaitaka. Mwaka 1954 ikapewa jina la Land Cruiser. Mwaka 1987, katika Chad, waaskari walipigana juu ya pikapu za Toyota, hata vita ile ikaitwa Vita ya Toyota. Na leo, Land Cruiser moja inapeleka chanjo na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ingine, ya namna ile ile, inabeba watu wa bunduki. Motokari haichagui safari. Anayechagua ni yule anayeshika usukani, na yule anayemtuma.

Sisi watu wa migodi jambo hili linatugusa. Shaba inayotoka katika udongo wetu inaingia katika nyaya za umeme za hospitali, inaingia pia katika maganda ya risasi. Nabii Isaya alisema juu ya panga zitakazofuliwa kuwa majembe. Panga hazitajifua zenyewe. Zinangoja mikono ya watu.

Kijana, kama unajifunza ushofa ao ufundi wa motokari, ujue motere yako vizuri, ni kazi ya heshima. Lakini mbele ya kuwasha, jiulize: leo nabeba nini, na ninapelekea nani? Wazazi, mzungumze na watoto swali hili mezani, chakula kikiisha.