Kocha wa Dola Moja kwa Mwaka

Je, mtu anaweza kufanya kazi zaidi ya miaka 40 kwa mshahara wa dola moja tu kwa mwaka? Huko Marekani alikuwapo mtu wa namna hiyo. Jina lake ni Rod Dedeaux. Alikuwa kocha wa besiboli katika Chuo Kikuu cha Southern California, mjini Los Angeles.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Besiboli huchezwa na timu mbili, kila timu watu tisa. Mtupaji hutupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu. Mpigaji wa timu ya pili huupiga kwa rungu, kisha hukimbia kuzunguka vituo. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake imepata pointi moja. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu imekwisha, na wenzao wanashika rungu. Kila timu hupata zamu tisa. Hakuna saa ya kumaliza mchezo. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Dedeaux alizaliwa mwaka 1914. Alisoma na kucheza katika chuo hicho hicho. Mwaka 1935 alichukuliwa na timu ya kulipwa ya Brooklyn Dodgers, akacheza michezo miwili tu. Baadaye akaumia mgongo. Basi, ndoto ya kuwa mchezaji mkubwa ikaishia hapo.

Akachukua dola 500, akaanzisha biashara ya malori. Biashara ikakua. Kumbe ndiyo iliyomlisha! Tusidhani kwamba alilala njaa kwa ajili ya mpira. Malori yalimpa ugali, na uwanja ukampa furaha.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kocha wa chuo, Sam Barry, alikwenda katika jeshi la majini. Dedeaux akashika nafasi yake. Barry aliporudi wakafundisha pamoja, na mwaka 1948 wakapata ubingwa wa vyuo vya Marekani. Waliifunga timu ya Yale. Nahodha wa Yale alikuwa kijana George Bush, yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1989. Barry alifariki mwaka 1950, Dedeaux akabaki peke yake.

Alifundishaje? Alikazania mambo madogo. Mpira kumponyoka mchezaji, hilo humpata kila mtu. Lakini mchezaji asiyejua mapema mpira autupe wapi, huyo amefanya kosa la akili, na kosa hilo kocha hakulipenda hata kidogo. Majina ya vijana yalimpotea, kwa hiyo kila mtu alimwita Chui-milia. Sisi walimu wa watu wazima tukisahau jina la mwanafunzi huona haya. Yeye alicheka tu.

Sasa turudi kwenye lile jambo la saa. Mwaka 1973, mjini Omaha, timu yake ilikutana na Minnesota. Mtupaji wa Minnesota alikuwa Dave Winfield, kijana mrefu mwenye mkono wa ajabu. Zamu nane zikapita bila vijana wa Dedeaux kupata pointi hata moja. Minnesota walikuwa na saba. Ingekuwa kandanda, watu wangekuwa wameshaanza kwenda nyumbani! Lakini mpaka wapigaji watatu watolewe, mchezo haujaisha. Katika zamu ya tisa Winfield alichoka, akaondolewa kwenye kutupa. Vijana wakapiga mmoja mmoja, wakakimbia mmoja mmoja, mpaka wakapata pointi nane. Wakashinda 8 kwa 7. Kisha wakachukua ubingwa.

Huo ulikuwa ubingwa wa nne mfululizo. Mwaka 1974 wakapata wa tano. Jumla, timu alizozifundisha zilipata ubingwa mara 11. Timu za kulipwa zilimwita, akakataa. Uwanja mpya wa chuo uliofunguliwa mwaka 1974 ulipewa jina lake, naye akaendelea kufundisha hapo mpaka alipostaafu mwaka 1986. Alifariki Januari 2006, akiwa na umri wa miaka 91.