Kimea, mtama na maji ya Kivu: kinachotokea ndani ya pipa la kanyanga

Pika uji wa mahindi mzito kabisa, ule ambao mwiko unasimama ndani yake bila kushikwa. Uepue, uache upoe mpaka kidole kivumilie kwa shida. Nyunyizia kijiko kimoja cha unga wa mtama uliooteshwa, kisha koroga. Muda si mrefu uji unaanza kulegea mkononi, na baada ya dakika kumi hivi unamiminika kama maziwa. Hukuongeza tone la maji. Ukionja, utakuta umeingia utamu.

Mama mmoja wa Ndosho, upande wa magharibi wa Goma, ndiye aliyenionyesha jambo hili. Anapika kanyanga, pombe kali ya kukeneka, na mahindi yalipopanda bei alianza kujaribu nafaka nyingine: mtama mwekundu, ulezi, hata ngano ya Lubero. Uani kwake gunia bichi lilikuwa limetandazwa juu ya mawe meusi ya volkano, na chini ya gunia mtama ulikuwa umechipua vimizizi vyeupe kama nyuzi. Nilimuuliza kama nafaka zote ni sawa.

"Mwanangu, pipa halichagui," alinijibu. "Linachotaka ni kimea tu."

Kuhusu kimea amesema kweli. Kuhusu pipa, sayansi inasema vingine: kila nafaka ina joto lake, maji yanayoifaa na sumu yake. Anayebadilisha nafaka bila kuyajua hayo anaweza kupata hasara, na mnywaji wake anaweza kupata mabaya zaidi ya hasara.

Tuanze na ule uji. Mbegu ya nafaka ni ghala la wanga, na wanga ni minyororo mirefu ya sukari iliyofungana. Chachu haiwezi kula minyororo. Inakula sukari moja moja au mbili mbili. Mbegu inapolowa na kuanza kuota, inatengeneza vimeng'enya vya kuukata wanga ili mche upate chakula. Mpikaji anausimamisha mche huo njiani: anauanika juani, anausaga, na hapo amepata kimea. Kimeng'enya kimoja, amilesi ya alfa, kinakata mnyororo popote, na ndicho kilicholegeza uji wetu. Cha pili, amilesi ya beta, kinatembea kutoka mwisho wa mnyororo kikidondosha sukari mbili mbili. Vikifanya kazi pamoja, chachu inapata karamu, na sukari inageuka kuwa ethanoli na hewa ya kabonidioksidi.

Shayiri ina vimeng'enya vyote viwili kwa wingi, ndiyo maana Waskoti wakaijengea jina wiski yao. Mtama uliooteshwa una alfa ya kutosha, lakini beta yake ni haba. Tena wanga wa mtama ni mgumu kulainika: unahitaji joto la nyuzi 70 hivi au zaidi, wakati beta huanza kufa ikipita nyuzi 65. Ukitia kila kitu kwenye maji ya moto kwa pamoja, wanga unafunguka wakati mkataji wake ameshakufa. Kwa hiyo wapikaji wenye uzoefu huchemsha kwanza unga wa mahindi au mtama peke yake, wanaacha upoe, ndipo wanatia kimea. Wengi wanachanganya na kimea cha ulezi, nafaka ndogo inayosifika toka Kenya hadi Uganda kwa kimea chenye nguvu. Mama wa Ndosho hana kipimajoto, anatumia kidole. Kidole kinachovumilia kwa shida kiko karibu na nyuzi 55, mahali pazuri kwa vimeng'enya vyote viwili.

Hatuko peke yetu katika kuhangaika na mtama. Mwaka 1988 Nigeria ilipiga marufuku kimea cha shayiri kutoka nje, na viwanda vyake vya bia vikalazimika kujifunza mtama upesi. Mwaka 2002 Uganda ilianza kuuza bia ya Eagle iliyotengenezwa kwa mtama uitwao Epuripur. China nayo ina baijiu, pombe kali ya mtama inayonywewa na mamilioni ya watu. Wao hawategemei kimea, hutumia matofali ya nafaka yaliyooteshwa kuvu maalumu, na kuvu hizo ndizo zinazokata wanga. Marekani, ili wiski iitwe bourbon, lazima angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi. Kwa hiyo kanyanga ya mahindi na kimea, inapotoka kwenye bomba ingali ya moto, ni ndugu wa karibu wa wiski. Kinachokosekana ni pipa la mwaloni na subira. Waskoti wanaidai miaka isiyopungua 3.

Sasa maji, na hapa Goma ina jambo lake. Mitaa mingi inategemea maji ya Ziwa Kivu, yanayobebwa kwa bidoni mgongoni au juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma. Maji ya juu ya ziwa hili yana madini mengi ya volkano, na kipimo chake cha pH kiko karibu na 9, yaani yanaelekea kwenye magadi. Vimeng'enya vya kimea vinapenda uchachu kidogo, pH ya 5 na nusu hivi. Ukikoroga kimea kwenye maji ya ziwa yalivyo, kazi inakwenda kwa kusuasua na wanga mwingi unabaki bila kukatwa. Mama wa Ndosho hajui pH, lakini hatii kimea kabla hajachanganya mabaki machachu ya pipa la jana. Bakteria wa asidi ya laktiki walio katika mabaki hayo wanashusha ile hali ya magadi. Nilipomweleza sababu hakushangaa hata kidogo. Alisema bibi yake alikuwa akifanya vivyo hivyo, na kwamba pipa lisilochachushwa "linalala".

Wengine hukinga maji ya mvua. Chini ya Nyiragongo mvua inaweza kuosha gesi za volkano kutoka angani, ikashuka na asidi na floridi. Hiyo floridi ndiyo mojawapo ya sababu za meno ya kahawia tunayoyaona kwa watoto wa pande hizi. Katika kukeneka, floridi haipandi na mvuke, inabaki chini ya pipa. Vijidudu vya kipindupindu vinakufa kwenye mchemko. Lakini mpikaji anayezimua kanyanga yake kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa amerudisha alichokwisha kukiondoa.

Na kwa kuwa ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya Goma yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Kila anayepika maharage hapa analijua hilo kwa hasara ya makala. Ethanoli, inayochemka kwenye nyuzi 78 kule Mombasa, hapa inachemka kwenye 74 hivi. Anayesoma vipimo vya joto kwenye kitabu kilichoandikwa Ulaya akaviamini neno kwa neno, atapotea.

Tuje kwenye sumu, maana ndilo swali la kila mtu: nafaka gani inapofusha?

Jibu langu ni kwamba nafaka tunaisingizia. Kinachopofusha ni methanoli, na methanoli ya asili inatokana na pektini, ile gundi iliyomo kwenye matunda. Ndizi ina pektini. Ndiyo maana kanyanga iliyotokana na kasiksi, pombe ya ndizi, ina methanoli zaidi ya ile ya mahindi au mtama, ingawa kwa kawaida bado ni kiasi kidogo. Nafaka ina pektini haba sana. Watu wanaokufa kwa makumi kwa wakati mmoja huwa wamekunywa methanoli ya viwandani, ile ya kuyeyushia rangi na ya kazi za maabara, iliyomwagwa na mfanyabiashara mwenye tamaa ili pombe iongezeke. Mwaka 2010, Kabale, upande wa pili wa mpaka wetu na Uganda, watu wapatao 80 walikufa ndani ya wiki chache kwa waragi iliyochanganywa hivyo. Nairobi ilizika zaidi ya watu 100 mwaka 2000 kwa pombe iliyoitwa kumi kumi.

Wapikaji wengi huamini kwamba kumwaga kikombe cha kwanza kunaondoa sumu hiyo. Kumwaga ni vizuri, waendelee, kwa sababu kikombe hicho kina asetaldehidi na vitu vingine vyenye harufu ya gundi na rangi ya kucha. Lakini methanoli haitoki yote mwanzoni. Ingawa peke yake inachemka kwenye nyuzi 65, ndani ya mchanganyiko wa maji na ethanoli inatoka kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Kama mtu ameimwaga ndani, huwezi kuitenganisha kwa kikombe. Hata kuwasha kijiko kimoja na kutazama moto wa buluu hakusaidii. Moto huo unaeleza kwamba pombe ni kali, basi; methanoli nayo inawaka buluu hafifu.

Mtu aliyekunywa methanoli anaweza kuonekana mlevi wa kawaida, alale, aamke. Ini linaigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inashambulia mshipa wa jicho. Baada ya saa 12 hadi 24 ndipo tumbo linauma, pumzi inakwenda mbio, na macho yanaona kama yamo katikati ya ukungu au weupe mtupu. Mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na walioandamana naye waseme wazi alichokunywa. Kuna dawa, kuna kusafisha damu kwa mashine, na kila saa inayopotea inapunguza nafasi ya macho kurudi. Aibu imeua wengi waliokuwa na muda wa kupona.

Nafaka zina sumu zake pia, ila hazifanani na hiyo. Mtama unapochipua, vimizizi na machipukizi yake hujaza kiini kinachotoa sianidi, ndugu wa ile ya muhogo mchungu. Dawa yake ni ya jikoni: kimea kikishakauka kisuguliwe mikononi na kupepetwa mpaka nyuzi zile zote zitoke. Nilimwona mama akifanya hivyo kwenye ungo, upepo wa ziwa ukizichukua. Anayechanganya muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha anajiongezea mzigo uleule. Nchi hii inaujua vizuri: ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ya watoto na akina mama, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, na umefungamana na muhogo usioandaliwa vyema.

Mahindi yaliyovunda ni hatari ya kimyakimya. Kuvu wake hutoa aflatoksini, sumu ya ini iliyoua watu 125 huko Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya mwaka 2004. Sumu hiyo haipandi na mvuke, kwa hiyo kanyanga yenyewe inatoka haina kitu, na hapo ndipo mpikaji anapojidanganya kuwa mahindi mabovu yamepata kazi. Sumu inabaki kwenye machicha, nayo wanapewa nguruwe. Na pombe isiyokenekwa, ile ya kunywa ikiwa nzito na ungaunga wake, inaibeba aflatoksini mpaka kwenye kikombe.

Jambo linalonikera kuliko yote ni bomba. Nimeona rejeta kuukuu ya gari ikitumika kupozea mvuke. Rejeta za zamani zimeungwa kwa risasi, na mvuke wa pombe wenye asidi unailamba risasi hiyo tone kwa tone. Haina ladha wala harufu. Inajilimbikiza mifupani, inapandisha shinikizo la damu, inadhoofisha figo, na kwa mtoto aliye tumboni inaharibu ubongo. Bomba safi la shaba lisilo na viungo vya risasi lina bei, lakini hakuna nafaka itakayofidia bomba bovu.

Hata kanyanga iliyopikwa kwa usafi wote bado ni ethanoli. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka pombe miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1988, na shirika hilo linakadiria kuwa mwaka 2019 pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani.

Marufuku tumeyajaribu kwa muda mrefu. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka ukanda mpana wa Afrika, na Goma ya leo imo ndani yake, ambamo pombe kali zilizuiwa au kubanwa. Tanzania ina sheria ya kukeneka gongo tangu 1966. Kenya iligeuka mwaka 2010, ikaruhusu chang'aa kwa masharti ya leseni na vipimo, na bado vifo vya methanoli vikatokea mwaka 2014. Kwa maoni yangu, masharti ya vipimo yana maana pale tu vipimo vinapokuwepo kweli. Goma ingefaidika zaidi na mahali ambapo mpikaji anaweza kupeleka chupa yake ipimwe methanoli na risasi bila kuogopa kukamatwa, kuliko na msako mwingine wa kumwaga mapipa mtaroni.

Kimea chenyewe hakina hatia. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe Tanzania walikichukua kutoka kwa wapika pombe na kukipeleka kwenye uji wa watoto. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi anaoweza kuumeza una maji mengi kuliko chakula. Ukitia kimea kidogo kilichopepetwa, unaweza kuweka unga mara mbili na zaidi, na uji bado ukanyweka.

Siku ile Ndosho, bakuli la uji uliolegea lilibaki kwenye kigoda tulipokuwa tukizungumza. Mama alilichukua, akalirudisha jikoni na kuuchemsha tena mpaka ukatokota. Kisha akamwita mjukuu wake, akaketi naye mlangoni na kuanza kumlisha, akiupuliza kila kijiko.