Wageni Wakija Porini: Tuulize Kabla ya Kutia Sahihi

Leo tunazungumzia biashara ya watalii ndani ya mapori yanayolindwa. Wengine wanauliza: «Kampuni ikileta wageni, tutapata kazi?» Wengine wanaogopa: «Tukikubali, si tutafukuzwa?» Maswali yote mawili ni ya haki.

Jambo hili si la mbali. Hifadhi ya Yangambi, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1976, inafika hadi katika teritware yetu ya Banalia. Mwaka 2016 iliundwa Mbuga ya Lomami, ambayo sehemu yake iko humu Tshopo. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, nao unapita katika jimbo letu. Basi siku moja mtu anaweza kufika kwa shefu na karatasi mkononi.

Tunajua karatasi isiyoeleweka inaweza kuleta nini. Mwaka 2023, upande wa Lubunga, ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo iligombanisha Wambole na Walengola. Watu wengi walikufa, na maelfu walikimbilia Kisangani. Pale ilikuwa kilimo, hapa ni utalii, lakini ardhi ni ile ile na hasira ni ile ile.

Tuangalie waliotutangulia. Mbuga ya Kahuzi-Biega, Kivu ya Kusini, iliundwa mwaka 1970. Wageni walitoka Ulaya kuja kuona gorila, huku Batwa waliokuwa wakiishi humo wakiondolewa katika pori lao. Uchungu haukuisha. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi porini, wakapambana na walinzi, na damu ikamwagika. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: Kongo ilivunja haki za Batwa.

Virunga inatufundisha jambo lingine. Mwezi wa Mei 2018 mlinzi mmoja mwanamke aliuawa na Waingereza wawili wakatekwa. Mbuga ilifungwa kwa watalii hadi Februari 2019. Machi 2020 ikafungwa tena kwa sababu ya korona. Kwa hiyo feza ya watalii ni feza ya kweli, lakini inakimbia mara isikiapo risasi. Mtu asiache shamba lake kwa kutegemea feza hiyo peke yake.

Je, kuna namna ya kufaidika? Iko. Huko Uganda sheria inaamuru asilimia 20 ya feza za kuingilia mbugani zirudishwe kwa wakaaji wa kandokando. Lakini sikilizeni vizuri: ni feza za mlangoni, si mapato yote. Kwa hiyo mkiambiwa «asilimia», ulizeni: asilimia ya nini?

Sheria za kwetu zinasema nini? Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, inayohusu ulinzi wa maumbile, inataka wenyeji waulizwe kabla pori halijafanywa hifadhi. Katiba ya 2006, artikeli ya 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Serikali ikiichukua kwa faida ya wote, fidia ya haki italipwa kwanza. Tena, kwa pori la mababu lililo nje ya hifadhi, dekreti namba 14/018 ya mwaka 2014 inaruhusu jamii kuomba hadi hektari 50.000, bure na kwa daima. Hapo wenyeji wenyewe wanaweza kupokea wageni.

Wababa na wamama mashefu, msitie sahihi usiku, wala nyumbani kwa mtu mmoja. Iteni mkutano mchana, na muulize:

1. Kampuni ni ya nani, na ruhusa yake ya Serikali iko wapi?
2. Njia zipi, vijito vipi, mashamba yapi yatafungwa? Fidia italipwa lini?
3. Kazi ngapi, kwa nani, kwa mshahara gani?
4. Feza za jamii zitashikwa na nani, na hesabu itasomwa wapi?
5. Wageni wakikosa kuja, tutakula nini?

Majibu yaandikwe katika PV, yasomwe kwa lugha ambayo kila mtu anaisikia. Nakala moja ibaki kijijini.

Sasa neno kwa wakimbizi. Pori likifungwa, ninyi mtakaa njaa wa kwanza, kwa sababu hamna shamba la kurudia. Kuni zenu na sombe yenu zinatoka humo. Basi mashefu, wapeni nafasi mkutanoni. Nanyi wakimbizi, tenganisheni mambo mawili: ardhi ni neno la wenyeji, lakini njia ya kuni, maji na kazi ni neno letu sote. Mkisema hivyo waziwazi, mwenyeji hatawaogopa.

Kukubali watalii si kosa, kukataa pia si kosa. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa mgeni anakuja na mwenyeji anaugua, turudi mkutanoni tuulize upya.